Swichi ya volti kwa vifaa vya ziada katika ndege ya kujijengea

Msomaji mmoja wa Nairobi anajenga ndege ya viti viwili katika gereji ya nyumbani. Injini yake ni Rotax 912 ULS, na betri ni ya risasi na asidi ya volti 12. Anataka chaja za USB, tableti ya ramani, kamera ya kwenye bawa na feni ndogo ya chumba cha rubani vijiwashe vyenyewe injini ikishaanza kuchaji, na vijizime injini ikizimwa. Ameuliza mambo matatu: kama rilei ya kawaida ya gari inatosha, aweke kiwango gani cha volti, na kama swichi hiyo inayojiendesha kwa kupima volti itamwokoa siku atakaposahau kuzima swichi kuu. Lilishamtokea hilo alipokuwa akijaribu nyaya, na betri ikafa.

Ndugu yangu, nianze na la mwisho, kwa sababu jibu lake ni hapana, na ni heri ulijue kabla hujanunua hata rezista moja. Ndege yako ikiwa na kontakta kuu, yaani rilei kubwa inayounganisha betri na mfumo mzima wa umeme, koili yake peke yake hula karibu ampea 0.7 hadi 1 muda wote swichi kuu ikiwa imewashwa. Chukua 0.8: kwa saa 24 ni ampea-saa 19, na betri nyingi za ndege ndogo za namna hii ni za ampea-saa 18 au pungufu. Swichi ya volti itazima chaja na kamera vizuri kabisa, halafu kontakta itamaliza betri polepole hadi asubuhi. Dawa ya kusahau swichi kuu ni kengele ndogo inayolia pale swichi kuu ikiwa imewashwa na shinikizo la oili ni sifuri. Ni swichi ya oili, king'ora kidogo na waya mbili. Itengeneze hiyo kwanza, kisha tuje kwa hili la pili, ambalo kazi yake ni nyingine: kulinda vifaa vyako dhidi ya mitikisiko ya volti wakati wa kupiga stata, na kuondoa mizigo isiyo ya lazima bila kukungoja wewe pale mfumo wa kuchaji unapokufa ukiwa angani. Kwa kazi hiyo ninaiunga mkono kwa moyo wote.

Rilei ya gari haiwezi kuifanya peke yake. Rilei ya volti 12 hushika ikifika karibu volti 7 au 8, na ikishashika huendelea kushikilia mpaka volti zishuke sana, mara nyingi chini ya 5. Kwake yeye, 12.6 na 13.8 ni kitu kimoja. Wewe unahitaji kitu kitakachotofautisha hizo mbili, na hapo ndipo penye ugumu wote wa jambo hili: unadhani unapima kama injini inafanya kazi, kumbe unapima volti tu. Volti zinaweza kupanda injini ikiwa imezimwa, na zinaweza kushuka injini ikiwa inanguruma. Kila uamuzi katika sakiti hii unatokana na ukweli huo.

Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hadi 12.8. Mfumo wa kuchaji ukifanya kazi sawasawa, baa kuu ya umeme, yaani kipande cha chuma kinachogawa umeme kwa mizigo yote, husoma kati ya 13.8 na 14.4. Nafasi uliyo nayo basi ni kama volti moja tu, na ndani yake uweke viwango viwili, si kimoja. Kwa betri yako ningeweka kuwasha 13.6 na kuzima 13.0. Sababu ya 13.0 ni kwamba betri ya risasi inayobeba mzigo haibaki juu ya hapo kwa muda mrefu, kwa hiyo ukiona chini ya 13.0 jua betri ndiyo inayolipa bili. Mara tu baada ya kuzima injini betri hushikilia volti za juujuu kwa dakika kadhaa, lakini mzigo wa vifaa vyenyewe utazishusha upesi.

Viwango viwili ni vya lazima kwa sababu vifaa vikiwaka huvuta volti chini. Ukiwa na kiwango kimoja, tuseme 13.3, volti zikifika hapo swichi inawasha, mzigo unazivuta hadi 13.2, swichi inazima, volti zinapanda tena, na mchezo unaendelea mara nyingi kwa sekunde. Pengo la volti 0.6 linaumaliza mchezo huo. Lakini kwa Rotax pengo peke yake halitoshi. Jenereta ya 912 hutoa wati 250, yaani kama ampea 18, pale injini inapozunguka mara 5,800 kwa dakika. Kwenye mizunguko ya chini hutoa kidogo sana. Ukiwa kwenye foleni ya kuruka pale uwanja wa ndege wa Wilson, injini ikinguruma polepole, taa na redio zikiwa zimewashwa, volti zinaweza kupanda na kushuka kupita viwango vyote viwili kila unapogusa throto. Kwa hiyo ongeza ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kwenda na kurudi.

Wengi huanza na dayodi ya zena ya volti 12, ile inayoanza kupitisha umeme volti zikifika kiwango chake, na transista moja, kwa kuwa ni rahisi. Usiende njia hiyo. Zena ya volti 12 hupanda kwa karibu milivolti 9 kwa kila digrii ya joto, na transista hushuka kwa kama 2. Kati ya alfajiri ya Julai Nairobi na chumba cha rubani kilichoachwa juani kule Magadi kuna tofauti ya digrii 45 au zaidi. Hiyo inahamisha kiwango chako kwa volti 0.3, yaani nusu nzima ya pengo tulilolipigania.

Sakiti ninayoipendekeza ina vijenzi vinne vikuu: regyuleta ndogo 78L05 inayotoa volti 5, rejeleo TL431 linaloshikilia volti 2.5, LM393 ambayo ni kompareta mbili, yaani vilinganishi vya volti, katika chipu moja, na mosfeti ya aina ya P, yaani swichi ya kielektroniki yenye miguu ya geti, sosi na dreni, ya kubeba mzigo. TL431 ilishe kutoka kwenye zile volti 5 kupitia rezista ya kilo-omu 1.5, ipate zaidi ya miliampea 1 inayohitaji ili iwe thabiti. LM393 nayo ilishe kwa volti 5 hizohizo, na uweke kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu kabisa na miguu yake ya umeme.

Kompareta ya kwanza ndiyo inayoamua. Upande wake wa hasi upe volti 2.5 za TL431. Upande wa chanya upe sehemu ya volti za baa kuu kupitia rezista ya kilo-omu 47, na kutoka hapo hadi ethi weka rezista ya kilo-omu 10 ikifuatana na rezista ya kurekebishwa ya kilo-omu 2, ile ya mizunguko mingi. Tokeo la kompareta livutwe juu hadi volti 5 kwa kilo-omu 4.7, kisha rudisha rezista ya kilo-omu 390 kutoka kwenye tokeo hadi upande wa chanya. Hiyo ya 390 ndiyo inayotengeneza pengo, na hesabu yake ni nyepesi: pengo ni 5 mara 47 gawanya kwa 390, sawa na volti 0.6. Rezista ya kurekebishwa huhamisha viwango vyote viwili kwa pamoja. Katikati yao paweza kuwa popote kati ya takriban 12.3 na 14.25. Kwa kuwasha 13.6 na kuzima 13.0, katikati ni 13.3, na jumla ya upande wa chini inatakiwa kuwa karibu kilo-omu 10.9. Rezista zote za sehemu hii ziwe za filamu ya metali za asilimia 1.

Tokeo la kwanza lipitishe kwenye rezista ya kilo-omu 100 hadi kapasita ya mikrofaradi 100 iliyoshuka ethi. Kapasita hiyo iunganishe na upande wa hasi wa kompareta ya pili, na upande wake wa chanya upe zile 2.5 za rejeleo. Kwa kuwa 2.5 ni nusu ya 5, ucheleweshaji unakuwa karibu sawa kwenda na kurudi, kama sekunde 7. Ukitaka zaidi, ongeza kapasita. Mimi nisingezidi sekunde 15, kwa sababu mfumo wa kuchaji ukifa, mizigo isiyo ya lazima inatakiwa iondoke mapema.

Tokeo la kompareta ya pili huweza tu kuvuta chini, na hilo ndilo mosfeti ya aina ya P inalolihitaji ili iwake. Sosi ya mosfeti iwe upande wa baa kuu, dreni upande wa mzigo, rezista ya kilo-omu 10 kati ya geti na sosi ili ijizime yenyewe kompareta isipovuta, kilo-omu 1 kati ya geti na kompareta, na zena ya volti 15 kati ya geti na sosi. LM393 inaruhusu tokeo lake kufika volti 36 hata yenyewe ikilishwa kwa 5, ndiyo maana mpangilio huu hauna tatizo. Mosfeti yenyewe ichague kwa ukinzani wake ikiwa imewaka. IRF4905 ina karibu omu 0.02, ikibeba ampea 5 inapoteza nusu wati, na kipande kidogo cha alumini kinatosha kuipoza. IRF9540 ya zamani, inayopatikana kila mahali, ina omu 0.2, kwa ampea zilezile inapoteza wati 5 na volti nzima moja. Hewa ya Wilson, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na ukipanda zaidi inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo alumini haipozi ulivyozoea kuona katika vitabu. Usibane hapo.

Sasa jambo ambalo naliona likiharibu kazi nzuri kuliko lolote. Waya wa kupimia volti usiuchukue kwenye waya uleule unaobeba mzigo wa vifaa. Uchukue peke yake moja kwa moja kutoka baa kuu, na ethi ya sakiti ishuke peke yake hadi kwenye kituo kikuu cha ethi. Waya na viungo vyake vikiwa na omu 0.05 tu kwa jumla, ampea 5 zitaiba volti 0.25, na sakiti yako itaamini kwamba mfumo wa kuchaji umedhoofika ilhali uko salama. Utakaa kuzungusha rezista ya kurekebishwa wiki nzima, na kosa liko kwenye skrubu ya ethi iliyopakwa rangi chini yake. Kwangula rangi hadi chuma ing'ae, kaza kwa washa ya meno, kisha pima kushuka kwa volti mzigo ukiwa umewashwa. Ukipata zaidi ya 0.05 upande wa ethi, rudia.

Waya wa kupimia uwekee fyuzi ya ampea 1 pale unapotoka kwenye baa, na njia ya mzigo iwe na fyuzi yake, 5 au 7.5 kulingana na jumla ya vifaa. Fyuzi ikae mwanzo wa waya, upande wa baa, kwa kuwa kazi yake ni kulinda waya. Kwenye mlango wa sakiti weka dayodi ya kukata mawimbi makali ya volti, kama 1.5KE20A, ambayo hukaa kimya hadi karibu volti 17. 78L05 haivumilii zaidi ya volti 30, na regyuleta ya kuchaji ikiharibika au betri ikikatika ghafla injini ikiwa kasi, volti hupanda kwa kishindo. Sakiti nzima iwe nyuma ya swichi kuu. Inakunywa kama miliampea 7 tu, lakini ukiiunganisha moja kwa moja na betri, hizo ni ampea-saa 5 kwa mwezi ndege ikiwa imeegeshwa.

Mosfeti zinapokufa, mara nyingi hufa zikiwa zimeunganisha. Maana yake vifaa havitazimika, na sakiti haiwezi kukusaidia. Kwa hiyo weka swichi ya mkono ya hatua tatu, yenye kituo cha kati kilichokata: upande mmoja ni OTO (kujiendesha yenyewe), unaochukua umeme kutoka dreni ya mosfeti; upande wa pili ni WASHA, unaochukua moja kwa moja kutoka kwenye fyuzi; katikati ni ZIMA. Waya wa kati wa swichi ndio unaokwenda kwenye vifaa. Kwa mpangilio huu kituo cha kati kinakata kwa chuma halisi, mosfeti iwe nzima au mbovu. Utaihitaji ZIMA hata siku za kawaida. Ukiunganisha chaja ya ukutani kwenye hanga, volti zitafika 14.4 na, swichi kuu ikiwa imewashwa, sakiti itadhani injini inanguruma na kuwasha kila kitu.

Kuhusu nini kiunganishwe hapa, mimi sina mjadala. Chaja, kamera, feni, taa ya kusomea ramani: sawa. Pampu ya mafuta, redio ya mawasiliano, transponda, skrini ya vyombo vya kurukia, chochote kinachogusa uwashaji wa injini: hapana, kamwe. Tableti ikiwa ndiyo ramani yako pekee, basi ihakikishie betri yake ya ndani imejaa kabla ya kuruka, na ubebe ramani ya karatasi. Usiitumie pia sakiti hii kama onyo lako pekee la kuchaji kufa. Onyo la volti za chini liwe kifaa tofauti, chenye fyuzi yake, ili hitilafu moja isikunyime vyote viwili.

Chaja za USB zinahitaji tahadhari ya peke yake. Zile za bei rahisi hukata umeme kwa kasi kubwa na kutoa kelele za redio zinazofika hadi kwenye masafa ya anga, megahezi 118 hadi 137. Redio ya ndege hutumia mfumo wa AM, unaozisikia kelele hizo kwa urahisi. Skwelchi, ile sehemu ya redio inayonyamazisha kelele, inafunguka yenyewe au, baya zaidi, sauti ya mnara inafifia bila wewe kujua kwa nini. Kabla ya kufunga, washa redio kwenye masafa matulivu, chomeka chaja ikiwa na simu inayochaji, uisogeze karibu na antena. Ikilia, irudishe dukani. Ikinyamaza, bado suka waya zake mbili pamoja na uvishe pete ya feraiti.

Umesema betri ni ya risasi, lakini wajenzi wengi huhamia LiFePO4, aina moja ya betri ya lithiamu, baadaye ili kupunguza uzito. Ukifanya hivyo, viwango hivi havifai tena. Betri hiyo iliyojaa na kutulia husoma karibu 13.3, na hubaki karibu na 13 hadi sehemu kubwa ya chaji iwe imekwisha. Swichi inayozima kwa 13.0 ingekaa imewashwa hadi sehemu kubwa ya chaji iwe imetumika. Ungelazimika kupanda hadi kuwasha 13.9 na kuzima 13.5, na regyuleta yako ikiwa inatoa 14 tu, nafasi inakuwa finyu mno. Katika hali hiyo ningeacha kupima volti kabisa na kutumia swichi ya shinikizo la oili iendeshe rilei.

Vijenzi utavipata Luthuli Avenue, lakini pima kila mosfeti kabla ya kulehemu, maana kuna nyingi zilizobandikwa jina la nyingine. Namna rahisi: iwashe kwa kuishusha geti volti 10 chini ya sosi, pitisha ampea 2, upime volti kati ya dreni na sosi. IRF4905 halisi itaonyesha karibu milivolti 40. Ikionyesha 200 au zaidi, si yenyewe. Waya usinunue wa magari wa Kirinyaga Road, hata kama ni nafuu. Ganda lake la PVC likiungua hutoa moshi wa sumu ndani ya chumba kidogo kisicho na pa kukimbilia. Agiza waya wa ndege wenye ganda la Tefzel, plastiki inayostahimili joto. Ukifunika sakiti kwa silikoni dhidi ya unyevu na mtikisiko, chagua isiyonuka siki, kwa sababu ile inayonuka siki hula shaba.

Kwa majaribio, tumia pawasaplai ya kurekebishwa na balbu ya gari ya wati 55 kama mzigo. Panda kutoka volti 12 polepole, ukingoja sekunde kumi kila hatua ili ucheleweshaji usikudanganye, hadi balbu iwake. Kisha shuka vivyo hivyo. Weka viwango, funga skrubu ya rezista ya kurekebishwa kwa tone la rangi ya kucha, halafu ipashe sakiti moto kwa mashine ya kukaushia nywele na urudie. Ikihama kwa milivolti 30 au 40 ni sawa. Multimita ya kawaida yenyewe inaweza kukosea kwa volti 0.07 hapo 13.6, hivyo ilinganishe kwanza na nzuri zaidi. Mwisho, ndege ikiwa imefungwa kwa vizuizi vya magurudumu, washa injini na utazame kwenye mizunguko ya chini, ya kati na ya juu, huku ukiwasha na kuzima taa za kutua.

Mchoro wa sakiti, jumla ya ampea za kila kifaa na mahali ilipofungwa viingie kwenye faili la nyaya la ndege, mkaguzi wako avione kabla paneli haijafungwa; kuvionyesha kwa mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, baadaye ni kazi kubwa zaidi kuliko kuvionyesha sasa. Viwango ulivyopima viandike kwenye lebo juu ya boksi na katika kitabu cha matengenezo, ukitaja multimita uliyotumia, na uvipime tena kila ukaguzi wa mwaka. Vikihama kwa zaidi ya volti 0.1, kagua skrubu ya ethi kwanza, kisha rezista ya kurekebishwa.